Mlio masikioni si uchawi

Msimu wa kahawa ukifika Mbinga, mashine za kumenya na kukoboa hunguruma kutwa. Kule ziwani, kutoka Mbamba Bay hadi Liuli, injini za boti nazo hazipoi. Kazi ikiisha, wapo wanaorudi nyumbani na mlio masikioni, kama wa nyenje au filimbi. Wengi hunyamaza wakihofia kuambiwa wamerogwa.

Mlio huo una maelezo. Taarifa za sauti zikitoka sikioni hupita katika kituo kilichomo ndani ya ubongo, kiitwacho thalamasi. Hapo kuna seli za fahamu zinazochochea na miunganiko inayozuia, ambayo hutumia kemikali iitwayo GABA kama breki. Breki hizo husaidia kuchuja, ili sauti ya mwanao isimezwe na ngurumo ya mashine.

Kelele kali huua seli zenye vinyweleo katika sikio la ndani, na kwa binadamu hazioti tena. Ubongo hupokea taarifa pungufu. Tafiti za wanyama zinaonyesha kuwa hapo breki nazo huvurugika, na seli zikaweza kutuma ishara hata pasipo sauti. Ubongo huzisikia kama mlio.

Kwa hiyo, usimimine mafuta ya taa wala mafuta ya moto sikioni; utaunguza sikio bila kugusa chanzo. Ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye hatua moja akusikie, kelele imezidi: vaa vizibo vya masikio. Pamba haitoshi. Mama, usimlaze mtoto karibu na mashine.

Mlio ukianza ukiwa kwenye kwinini au sindano za gentamaisini, mwambie daktari mara moja, lakini usikatishe dozi mwenyewe. Usikivu ukipotea ghafla, mlio ukidunda pamoja na moyo, au ukija na kizunguzungu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Mtoto anayetoka usaha sikioni naye apelekwe.

Hakuna kidonge cha kufuta mlio wa muda mrefu, ila vifaa vya kusaidia kusikia na ushauri huwapa wengi nafuu.

Nanyi wenye mashine: anayemudu dizeli kila wiki hashindwi kuwanunulia vijana wake vizibo vya masikio.