Mwenye Kuuguza Naye Ahesabiwe

Usiku wa tarehe 3 Februari 2023, huko Magila Gendagenda wilayani Korogwe, lori liligongana na Coaster iliyokuwa ikipeleka maiti na waombolezaji kutoka Dar es Salaam kwenda Rombo, na watu wasiopungua 17 wakafariki dunia. Magazeti yalitaja hesabu ya marehemu na ya majeruhi, kama ilivyo ada. Lakini iko hesabu nyingine isiyoandikwa popote, nayo ni ya jamaa ambao, kila baada ya msiba wa namna hii, hutoka majumbani mwao na nauli ya kwendea tu, wakaenda kukaa nje ya chumba cha wagonjwa mahututi pasina kujua watakaa mpaka lini.

Wilaya za Handeni na Korogwe zina sababu ya kulitazama jambo hili kabla ya wengine, maadamu barabara kuu ya Dar es Salaam na Arusha imezipasua, kuanzia Mkata na Kabuku mpaka Segera, Korogwe na Mombo, na bodaboda zimeenea hata vijiji ambavyo zamani vilifikiwa kwa miguu. Nami nawasema hasa wanaouguza walioumia ubongo: daftari la majeruhi hao lililowekwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, limeonyesha kuwa wengi wao ni vijana wa kiume walioumia barabarani. Majeruhi wa huku aghalabu huanzia hospitali ya Magunga mjini Korogwe au ile ya Handeni, akapewa rufaa kwenda Bombo, Tanga, na hali ikizidi, kwenda Taasisi ya Mifupa (MOI) iliyoko Muhimbili, Dar es Salaam, karibu kilomita 300 kutoka Korogwe. Tena kwa kuwa ubongo hauishii kuumia pale ulipopigwa, bali huendelea kuharibika kwa uvimbe na kwa kupungukiwa na hewa katika saa zinazofuata, safari hiyo ni ya haraka, na jamaa huifuata gari ya wagonjwa hawakuaga wala hawakujiandaa.

Akifika huko, mwenye kuuguza hupokewa kwa hadhi mbili zisizopatana. Mlangoni yeye ni mgeni, ana saa yake ya kuingia na saa yake ya kutolewa; lakini akishatolewa hupewa karatasi ya dawa za kutafuta nje, hutakiwa kuleta watu wa kuchangia damu, na mgonjwa akihamishiwa wodi ya kawaida, ndiye anayechuja uji mpaka usibaki na chembe, akaupitisha polepole kwa bomba la sindano katika mpira uliotiwa puani, kichwa cha mgonjwa kikiwa kimeinuliwa asije akapaliwa, na ndiye anayemgeuza ubavu kila baada ya saa mbili ili ngozi isifanye vidonda. Hizo ni kazi za uuguzi, na anayezifanya usiku hulala barazani juu ya kanga.

Wako wanaosema, na hoja yao si ya kupuuzwa, kwamba chumba cha mahututi si mahali pa msongamano, kwa kuwa wageni huleta maradhi; kwamba wauguzi ni wachache, na kila dakika wanayoitoa kumjibu jamaa wamemnyima mgonjwa; na kwamba kumtambua rasmi mwenye kuuguza ni kuipa serikali kisingizio cha kutoajiri. Hoja ya kwanza ni ya haki, nami siombi milango ifunguliwe kiholela. Ya tatu inanitia wasiwasi zaidi, ila naona kisingizio hicho hustawi pale ambapo kazi ya jamaa haionekani: kazi isiyoandikwa haidaiwi, na upungufu wa wauguzi usioonekana haujazwi.

Ama hoja ya pili, ya uhaba wa dakika, haitazami gharama ya kunyamaza. Mkulima wa Sindeni au mkata mkonge wa Ngombezi, asipoambiwa kama mgonjwa wake yuelekea kuamka, au kuishi na ulemavu, au kufariki, hufanya lile ambalo mapenzi humwamuru: huuza mahindi ya ghalani, kisha ng'ombe kwa bei ya shida, kisha shamba, akitumaini kuwa hospitali ya mbele ina dawa ambayo ya nyuma haikuwa nayo. Mgonjwa akirejea nyumbani miezi baadaye, hawezi kusema wala kutembea, hukuta aila haina tena kitu cha kumlelea, ilhali hapo ndipo gharama ya kweli inapoanza. Kauli ya daktari, hata ikiwa ni ya kukiri kwamba bado haijulikani, ingeliinusuru akiba hiyo.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba tuanze na lililo rahisi: saa moja maalumu kila siku ambapo jamaa mmoja, aliyechaguliwa na wenziwe, ataelezwa hali ya mgonjwa kwa Kiswahili kilicho wazi, na mafunzo ya kulisha na kugeuza kabla mgonjwa hajaruhusiwa kurudi nyumbani. La pili ni malazi, wala si jambo geni, kwani nchi hii imejenga nyumba za kusubiria wajawazito karibu na vituo vya afya, na kwa mpango wa usafiri wa dharura wa m-mama imekubali kuwa simu ya 115 na nauli ya mzazi ni sehemu ya tiba. La tatu ni Bima ya Afya kwa Wote, ambayo sheria yake Bunge liliipitisha Novemba 2023: fungu lake la matibabu halitakuwa na insafu iliyotimia mpaka limfuate mgonjwa wa ubongo hadi nyumbani, pamoja na yule anayemuuguza.

Malazi yatangoja bajeti, na bima itangoja maamuzi. Lakini saa moja ya maelezo haina la kungoja, na mganga mfawidhi wa hospitali aweza kuiamuru leo.