Orijino, feki, na lenzi ya harusi

Swali la wiki hii lilikuja kwa ujumbe wa sauti, dakika nne nzima, nusu yake Kifaransa (hakuna shida, ndiyo maana tupo). Msikilizaji wetu wa Molenbeek amepewa kazi yake ya kwanza ya kulipwa: kupiga picha za harusi ya binamu yake, mwezi wa kumi. Asubuhi komini, jioni ukumbini Anderlecht, na ni yeye peke yake mwenye kamera. Ana Canon R50 na ile lenzi ndogo iliyokuja nayo ndani ya boksi. Ameweka euro 700 za kazi ya wanafunzi. Anataka kununua lenzi ya Sigma. Tantine yake, yaani mama wa bibi harusi, amemwambia: mwanangu, kwa siku ya mtoto wangu usiniletee vitu vya feki, nunua orijino.

Na kuna koko Bukavu. Viza yake imekataliwa. Harusi ya mjukuu wake ataiona kwenye hizo picha, basi.

Kwa hiyo tuliangalie vizuri hili neno feki. Tantine hana ujinga. Watu waliokulia kwenye masoko ambako redio iliandikwa jina kubwa na ikafa baada ya wiki mbili, wana haki ya kuuliza. Lakini kitu cha feki ni kile kinachovaa jina la mwingine. Sigma anavaa jina lake mwenyewe. Kampuni hiyo ilianza Japani mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata uhuru, na lenzi zake bado zinatengenezwa Japani, Aizu, mkoa wa Fukushima. Tamron ni wa 1950. Sony wenyewe wamekuwa na hisa ndani ya Tamron kwa miaka. Hawa ni mafundi wa vioo, ila hawakutengeneza kamera yako. Tantine anaweza kukuambia kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mjibu kwa heshima kwamba matangazo makubwa zaidi, yale yanayojitembeza kila mahali, ni ya hao wenye jina kubwa.

Sasa, swali la kweli si jina. Ni mwanga.

Ile lenzi ya boksi inaitwa 18-45mm, f/4.5-6.3. Hizo namba za mwisho ndizo za kukuumiza kichwa. Ukivuta karibu hadi mwisho, tundu la lenzi haliwezi kufunguka zaidi ya f/6.3. Mchana kwenye dirisha la komini, sawa kabisa. Lakini nyinyi mnazijua sherehe zetu: saa nne usiku, taa za zambarau, maharusi wanaingia wakicheza polepole, na DJ amezima kila kitu kinachoitwa balbu. Sigma 18-50mm inabaki f/2.8 kutoka mwanzo hadi mwisho. Piga hesabu: kutoka f/6.3 hadi f/2.8 unapata mwanga karibu mara tano. Pale ambapo kamera ingepanda hadi ISO 12,800, sasa inatosha kama 2,500. Kwa ngozi zetu hii si anasa. Kamera ikikosa mwanga, chembechembe za takataka zinakaa kwanza kwenye sehemu nyeusi za picha: nywele, suti, na uso wa mtu mweusi aliyesimama mbele ya pazia jeupe. Ukija kuuinua ule uso kwenye kompyuta, unainua na takataka zake. Bora uso uingie na mwanga tangu mwanzo.

Lakini kuna kitu utakipoteza, na wauzaji mara nyingi hawakitaji. Lenzi ya boksi ya Canon ina kitulizaji ndani, kile kinachopunguza mtikisiko wa mkono. Sigma 18-50 haina. Na mwili wa R50 nao hauna. Kwa picha za watu wanaocheza haikusumbui sana, maana kitulizaji kinatuliza mkono wako, hakimtulizi mjomba anayecheza ndombolo. Yeye anahitaji kasi ya shata, 1/200 hivi, na kasi unaipata kwa mwanga. Ila kama tantine anataka pia video, hapo utaona picha inatetemeka. Kamera ina kitulizaji cha kidijitali kwa video, lakini kinakata kingo za picha. Usiiuze ile lenzi ya boksi. Ibaki kwenye begi kwa video ya mchana.

Kitu kingine cha kujua, na hiki kinahusu kila mtu anayenunua kamera, si wewe tu: mwenye kamera ndiye mwenye mlango. Pale lenzi inapojishika kwenye kamera panaitwa maunti, na Canon walipoleta maunti yao mpya ya RF mwaka 2018, hawakuwapa wengine ufunguo. Mwaka 2022 Viltrox wa China waliacha kuuza lenzi zao za RF zenye otofokasi, na Canon wakasema zilikuwa zinagusa hataza zao. Ilibidi tungoje Aprili 2024 ndipo Sigma na Tamron wakatangaza lenzi za RF kwa ruhusa ya Canon, na zile za kwanza zilikuwa za kamera zenye kihisi kidogo kama yako. Hiyo 18-50 ilifika Julai 2024. Maana yake, ungeniuliza swali hili mwaka mmoja kabla, ningekujibu vingine.

Sony walifanya kinyume. Mwaka 2011 waliwapa watengenezaji wengine maelezo ya msingi ya maunti yao ya E, bure. Ndiyo maana leo mwenye Sony ana meza ndefu ya kuchagua: Tamron 28-75mm f/2.8 ya pili ina gramu 540 na mara nyingi iko chini ya euro 1,000, wakati 24-70mm GM II ya Sony wenyewe ina gramu 695 na inazunguka euro 2,000. Lakini hata wao wameacha kufuli dogo: kwenye A1, lenzi ya Sony inaweza kupiga picha 30 kwa sekunde, ya mwingine inaishia 15. Kwa mpiga picha wa mpira hiyo ni hasara ya kweli. Kwa harusi, bana, picha 15 kwa sekunde za mtu anakata keki utazifanyia nini?

Kuhusu garanti, ambayo najua ndiyo hofu ya tantine: hapa Ubelgiji kitu kipya kina garanti ya kisheria ya miaka miwili, na anayewajibika ni duka lililokuuzia. Haijalishi kimeandikwa Canon au Sigma. Ukinunua cha mkono wa pili dukani, muuzaji anaweza kuipunguza, lakini si chini ya mwaka mmoja. Ukinunua kwa mtu binafsi kwenye kona ya barabara, hiyo garanti haipo. Chagua duka, omba risiti.

Ningekuwa wewe? Kama ungekuwa msaidizi wa mpiga picha mwingine, ningekwambia chukua Canon RF 50mm f/1.8, ya orijino kabisa, karibu euro 200, gramu 160, nyuso zinatoka tamu, na pesa inabaki. Lakini kwenye kamera yako hiyo 50 inakuwa kama 80. Ndani ya chumba cha komini chenye watu hamsini utagonga mgongo ukutani na shangazi wawili watakuwa nje ya picha. Uko peke yako, kwa hiyo unahitaji upana na mwanga pamoja. Chukua Sigma. Wiki moja kabla, omba uingie ule ukumbi usiku, washa taa zao za zambarau, na mpige picha mtu mwenye rangi ya koko wako akitembea kuelekea kwako.

Zikibaki euro hamsini sitini, nunua betri ya pili, LP-E17. Huko ndiko feki wenyewe wanakaa, wamevaa jina la Canon kabisa, na tantine ana haki asilimia mia. Betri, nunua orijino.