RUZUKU YA SALFA: DAFTARI LISOMWE MBELE YA WATU WOTE

Ndugu wanaushirika,

Salfa ya ruzuku inagawiwa kwa hesabu ya daftari la wakulima. Daftari likiwa la kweli, kila mkorosho utapata unga wake. Likiwa la uongo, salfa itakwenda kwa mikorosho isiyoota popote, na hii yetu iliyoota itabaki kuliwa na ubwiriunga.

Sisi wenye umri tunakumbuka. Msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna korosho tani 145,000 hivi. Msimu wa 1986/87 hazikufika hata tani 20,000. Bei ilikuwa duni, watu walikuwa wamehamia vijijini na mashamba yamebaki mbali, na ubwiriunga ukaua maua. Toka Masasi mpaka Newala mashamba mengi yakageuka pori. Kwa salfa, palizi na bei iliyo afadhali, msimu wa 2017/18 tukavuka tani 300,000. Mwaka huo salfa ilitolewa bure.

Sasa tupige hesabu, maana kisomo cha watu wazima hakikuwa cha a-e-i-o-u tu. Wataalamu wa Naliendele wametufundisha robo kilo kwa mkorosho mmoja, mara tano kwa msimu. Hiyo ni kilo moja na robo. Kwa hiyo mfuko wa kilo 25 unatosha mikorosho 20. Mwenye mikorosho 60 anastahili mifuko 3. Akiandikisha 200 atachukua mifuko 10. Ile 7 ya ziada ni ya nani? Ni ya jirani yake, na mwisho wake ni kwa mlanguzi, ndugu yake kangomba.

Wapo wasemao, "Ah, mali ya serikali hiyo, haina mwenyewe." Jamani, si kweli. Korosho ghafi ikienda nje hutozwa ushuru. Hadi mwaka 2018 sheria ilitenga asilimia 65 ya ushuru huo kwa kuendeleza zao. Mwaka huo Bunge likabadili, fedha zikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali. Ziingie mfuko wowote, zimetoka kwenye korosho tulizookota kwa mikono yetu. Ruzuku si sadaka.

Tena ubwiriunga hausomi mipaka. Unasafiri na upepo. Ukimnyima salfa mjane wa shamba la pili, ugonjwa wa kwake utakufuata kwako, hata ukipulizia usiku na mchana.

Kwa hiyo tunasema hivi:

1. Daftari lisomwe kwa sauti kwenye mkutano mkuu wa kijiji: jina, idadi ya mikorosho, na mifuko. Kubandika ukutani hakutoshi, wako wenzetu wasiojua kusoma.

2. Mikorosho ihesabiwe shambani, majirani wawili wakiwapo.

3. Anayelima ndiye aandikwe. Mama aliyeachiwa shamba na mumewe au mjomba wake aandikwe yeye, si shemeji yake.

4. Marehemu na waliohama wafutwe.

Na majina yetu sisi viongozi yaanze kusomwa. Mwenye kuona idadi yetu imezidi asimame aseme, wala asiogope mtu.

Daftari la kweli, mikorosho yenye maua!

Ushirika ni nguvu!