Ukoka wa Vuli na Haki ya Jirani



Mama mmoja wa Kidichi ametuletea swali. Nyumba yake iko mtelemkoni. Masika iliyopita maji yalichukua udongo wa uani hata msingi ukaanza kuonekana, na tope likaingia katika kisima cha jirani. Amedunduliza fedha za kununua mapande ya ukoka, yaani ukoka uliokatwa pamoja na udongo wake. Je, autandaze vuli hii au angoje masika? Na je, kugharimia majani yasiyoliwa na watu si israfu?

Tuanze na la pili. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba anachopanda Muislamu, kikaliwa na mtu, ndege au mnyama, huwa ni sadaka kwake. Ukoka ni malisho ya mbuzi na ng'ombe. Zaidi ya hayo, tope lililoingia kisimani kwa jirani ni madhara, na kumwondolea jirani madhara si anasa. Israfu itakuwa katika kumwaga maji ovyo, au katika kununua kwa pupa kitu kitakachokauka.

Sasa la kwanza. Katika nchi zenye majira ya baridi, watu huhofia kutandaza ukoka mwishoni mwa mwaka kwa kuwa baridi huulaza kabla mizizi haijashika. Kwetu Unguja adui ni jua la kaskazi, la Januari na Februari. Mvua za vuli, kati ya Oktoba na Disemba, mara nyingi ni za kusuasua. Basi autandaze mara tu ardhi ikilowa vizuri, bora kabla Novemba haijesha, mizizi ipate wiki kadhaa za kuzama kabla ya ukame. Akingoja masika, mvua kubwa zitaikuta ardhi iko wazi, na mapande yatasombwa kabla hayajashika. Kidichi, ambako Seyyid Said bin Sultan alijenga hamamu kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi mwaka 1850, ni ardhi ya vilima. Maji yake hayana subira.

Kazi yenyewe ni hii. Kwanza ang'oe magugu, hasa ndago, pamoja na vitunguu vyake vya chini. Atifue udongo kiasi cha sentimita 15, achanganye samadi iliyooza, kisha asawazishe ili maji yaelekee mbali na msingi, wala yasielekezwe kwa jirani. Mapande yatandazwe siku ile ile yanapoletwa, yakikingama mtelemko, viungo vikipishana kama matofali. Kila pande likazwe kwa vijiti, likanyagwe ligusane na udongo, kisha limwagiwe maji papo hapo.

Wiki mbili za mwanzo, siku isiyo na mvua, amwagie asubuhi. Baadaye apunguze siku lakini aongeze kiasi, ili mizizi iyafuate maji chini. Maji ya kutawadhia yanaweza kuelekezwa huko. Akitaka kujua kama ukoka umeshika, ainue pembe ya pande taratibu: likikataa kuinuka, mizizi imeingia. Kabla ya hapo watoto wasichezee hapo, wala mbuzi wasifunguliwe.

Fedha zikipungua, atandaze mapande karibu na msingi na ukingoni kwa jirani, kwingineko apande vipandikizi vya ukoka kwa mistari, vitatambaa vyenyewe. Lakini asikate ukoka makaburini wala katika ardhi ya wakfu bila idhini ya msimamizi.

Na kabla hajanunua hata pande moja, amwendee jirani, amtake radhi na amsaidie kusafisha kisima. Ukoka utazuia tope la masika ijayo. La masika iliyopita bado ni deni.

Wabillahi tawfiq.