Roboti yetu inaona mizuka

Najua nimepotea, lakini nyie wenyewe mnajua wiki hizi za mwisho wa muhula zilivyo. Leo nina la moyoni.

Kundi letu tuna roboti ya magurudumu, ubongo wake Arduino. Kazi yake: izunguke darasani, ikikuta mtu anapita isimame na kupiga kengele. Tukachanga hela ya bumu, tukanunua kihisi mwendo, HC-SR501, kile chenye kofia nyeupe ya plastiki. (Sisemi sensa, bibi yangu atadhani watu wanahesabiwa tena kama 2022.) Mezani kilifanya kazi safi. Tulipokifunga kwenye roboti ikawa balaa: inapiga kengele chumba kitupu!

Usiku mzima tukailaumu programu. Kumbe wala! Kihisi kile hakimjui mtu. Ndani kina sehemu mbili zinazopokea mionzi ya joto. Sehemu moja ikipokea tofauti na mwenzake, ndipo kinasema kuna mwendo. Sasa roboti yenyewe ikitembea, hata ukuta uliopigwa na jua unapita mbele yake. Ni kama ukiwa kwenye daladala unaona miti inakimbia.

Dawa ipo. Roboti isimame, isubiri kama sekunde 10 kihisi kitulie, isome, ndipo iendelee. Inafanya kazi, ila mwendo ni wa kobe, haivutii hata kidogo.

Hapo ndipo tukagombana. Mwenzetu mmoja, tena rafiki yangu, akasema kihisi tukiache pale kama pambo. Kwenye programu tuweke saa tu: ikifika sekunde ya 20 roboti isimame na kupiga kengele, na mmoja wetu apite mbele muda huohuo. Mwalimu atajuaje? Wawili wakakubali. Mimi nimekataa, sasa naitwa mlokole wa kundi.

Lakini jamani, sisi ni walimu watarajiwa! Kesho kutwa mtoto wa kidato cha pili ataniuliza, "Mwalimu, imejuaje kuna mtu?" Nimjibu nini, kwamba tulipangana na rafiki yangu? Na wanaosahihisha nao nawalaumu kidogo. Ukitoa alama kwa roboti iliyopendeza dakika tano, unafundisha watu maigizo. Mpe alama anayeweza kueleza kwa nini yake ilikosea.

Tunawasilisha Ijumaa. Nimewaambia nitasimama na kobe wetu, niseme wazi anachoweza na asichoweza. Kwa mfano, mtu akitulia tuli mbele yake, hamwoni. Tukipata C, itakuwa C yetu wenyewe.

Wewe ungefanyaje? Niambieni, maana huku chumbani leo siku ya pili hatuongei.