Nkambo mwanamuke naye alikuwa na jina

Kila jamaa ikikutana tunasikia majina ya wazee wanaume mpaka kizazi cha tano. Ukiuliza: na mama yao? Jibu: «Alikuwa bibi ya fulani.» Basi! Sisi tunasema hiyo si desturi, ni uvivu.

Wanatujibu ya kwamba wanawake hawakuandikwa. Ni nusu ya kweli. Toka 1928 hivi, Union Minière ilihimiza wafanyakazi walete bibi zao katika kambi za Katanga, lakini kitabu cha kazi kilikuwa cha bwana. Sawa. Na daftari la ubatizo la parokia je? Pale mama wa mtoto anaandikwa kwa jina lake, na tarehe, na mahali. Tuanzie pale, kisha tufuate kwa wazee wanawake: alitoka kijiji gani? Nani alipokea mali yake? Mjukuu gani anabeba jina lake?

Na muache kusema «hivi ndivyo wankambo walifanya». Kwa Wabemba na Walamba ukoo unapita kwa mama: asiyejua nkambo mwanamuke hajui yeye ni mtu wa nani.

Sisi wenyewe tulichelewa. Shangazi aliyejua kijiji cha nkambo wetu, tulimuzika mbele ya kumuuliza. Kwenye kilio tuliandika vizuri nani ametoa feza ngapi. Njia ya mama yetu, hapana. Daftari ilikuwa mkononi!