Unga Bila Picha

Vijana wetu wakienda kuhudumu Kibera hubeba unga, mafuta ya kupikia, sabuni, na simu. Wakikabidhi unga, mama mwenye nyumba huombwa aushike vizuri, atabasamu, watoto wasogee karibu. Hapo ndipo tunapokataa.

Kumbukumbu la Torati 24:10-11 inamkataza aliyekopesha kuingia nyumbani mwa mkopaji kuchukua rehani. Angoje nje, aletewe. Na huyo ana haki ya kudai! Sisi tusiodai kitu, nani ametupa ruhusa ya kufikisha kamera hadi kitandani?

Tunaambiwa bila picha wafadhili hawatatoa. Basi yapigwe picha magunia. Na unga wenyewe ununuliwe kwa mwenye duka wa mtaa uleule, maana naye ana watoto. Tukiuleta kutoka supamaketi, siku hiyo tunamnyang'anya wateja. Tena Kibera kuna makanisa, yana vijana wao wanaojua nani amelala njaa na nani anaona haya kusema. Hao waongoze, wageni wabebe mizigo.

Na mama akisema hataki picha, apewe unga wake kabla ya wote.